Tupeane uzoefu: taa nyekundu za LED baada ya visindano, leza au asidi usoni

Habari za jioni wakuu.

Nipo Mwanza, Nyakato. Mwezi uliopita nilichomwa visindano usoni, vile vya mashine, kwa ajili ya mashimo niliyoachiwa na chunusi za ujana. Damu ilichomoza vitone vitone kama umande, uso ukawaka kama nimejipaka pilipili. Dada aliyenihudumia akaniziba macho kwa vikopo vyeusi, akanishushia kibao chenye taa ndogo ndogo nyingi, akawasha. Hata ukifumba macho unauona wekundu pembeni. Hatujafika katikati, umeme ukakatika. Tukacheka, tukasubiri jenereta, nikamalizia dakika zangu.

Nilirudi kuwekewa taa siku ya pili na ya nne. Uso ulipoa mapema kuliko awamu ya kwanza, ambayo sikuwekewa taa, na kile kivimbe cha chini ya macho asubuhi hakikuwepo. Ila safari hii sindano ilipunguzwa urefu, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa taa. Mashimo yamepungua kina kidogo. Hiyo naihesabu ni kazi ya visindano.

Waliopitia waje, mazuri na mabaya. Majina ya saluni na kliniki tuyaache, tusiharibiane riziki.

Mama Dagaa:
Mdogo wangu, mimi nilipata cha moto. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Taa za LED nazijua za kuvulia dagaa usiku, siku hizi zimeshika nafasi ya karabai. Za usoni nilizikuta mjini, nilipokwenda kubanduliwa ngozi ya mashavu kwa asidi ili madoa yatoke. Wakanimulika, leo nyekundu, kesho bluu, wakasema bluu inaua vijidudu vya chunusi. Chunusi zenyewe sina! Siku ya tatu nikarudi kazini. Mwaloni mnapajua: jua la juu linakupiga, na la ziwani linakurudia kutoka chini, hata uvae kofia ya upana gani.

Wiki mbili hazijaisha, mashavu yakawa meusi kama sufuria ya kuni, mabaya kuliko madoa niliyokwenda nayo. Daktari wa ngozi akaniambia ngozi yetu ikichokozwa hujibu kwa kumwaga rangi, na kwa mtu mweusi hata mwanga wa bluu unaweza kuikoleza rangi hiyo, ingawa si miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi. Akaniandikia losheni ya jua yenye rangi ya udongo, ile inayochafua kola. Anasema ile rangi ni oksaidi ya chuma, ndiyo inayozuia mwanga tunaouona kwa macho. Nyingi za zile nyeupe kazi yake ni urujuanimno tu. Sasa ni miezi saba. Yamefifia, hayajaisha.

Kinyozi Mabatini:
Nilipigwa leza ya ndevu sababu ya vipele vya kidevuni. Baada ya pale nikauziwa taa nyekundu, 20,000 kwa dakika kumi. Barafu kwenye kitambaa ilinipoza zaidi. Vipele vimepungua kwa sababu ndevu zimepungua. Sina la ziada.

Nesi wa Zamu:
Niweke la kitaalamu kidogo. Mambo haya hayakuanzia saluni. Miaka ya 1960, kule Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya migongo akawamulika kwa leza hafifu, akitaka kuona kama italeta saratani. Saratani haikuja; manyoya ya waliomulikwa yakaota haraka kuliko ya wenzao. Hapo ndipo akili ikahamia kwenye vidonda. LED ziliingia baadaye: miaka ya 1990 taa ambazo NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa wakioteshea mimea zikaanza kujaribiwa kwenye vidonda vya binadamu.

Mwanga mwekundu, nanomita 630 hadi 660 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na ule usioonekana wa karibu 830 unaozama ndani zaidi, hunyonywa na mitokondria, yaani mitambo ya nguvu ndani ya seli. Seli ikipata nguvu, uvimbe hutulia na ujenzi wa kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi, husaidiwa. Ila kuna kipimo chake, ukizidisha faida inarudi nyuma. Nyie mnaolala nayo hadi asubuhi mnachezea umeme.

Mteja wangu namuuliza: unakunywa doksisaiklini au dawa nyingine inayofanya ngozi iogope mwanga? Una lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe? Una kifafa? Maana kuna mashine zinazomwekamweka. Macho yazibwe kila mara. Na kama ukichanika kidogo unaota kovu la kuvimba, hilo liseme kabla ya visindano, wakati wa taa umeshachelewa.

Mama Dagaa, pole sana dada. Kidonda cha asidi na bluu, halafu Mwaloni siku ya tatu!

Shemeji wa Nansio:
Mimi niliagiza barakoa ya taa mtandaoni, ikafika Mwanza kwa basi, ikavuka na meli kuja Ukerewe. Boksi limeandikwa rangi saba. Nanomita hata moja haikutajwa. Nikiivaa watoto wanakimbia. Dakika kumi tu paji la uso linatiririka jasho, nikajua hapa napikwa. Mke wangu ana yale madoa yanayokuja na ujauzito, akaijaribu wiki moja yakakolea. Tukaambiwa joto nalo huyaamsha. Kwa kuwa ina betri, umeme ukikatika inamulika banda la kuku. Kuku hawajalalamika.

Binti Igoma:
Samahanini, nauliza. Nimepaka mkorogo miaka minne, sasa uso unawasha na mishipa inaonekana. Hizo taa zitanirudisha?

Nesi wa Zamu:
Binti, usianze na taa. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na ngozi iliyokonda kwa steroidi hairudishwi kwa kumulikwa. Na usiikate ghafla peke yako, uso unaweza kulipuka vipele na kuwaka moto ukakimbilia tena kopo. Chukua kopo lenyewe, nenda nalo kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa, daktari alione. Usione aibu, tunawaona wengi.

Mwanzisha mada:
Asanteni wakuu. Kesho ilikuwa nikawekewe taa ya bluu "ya kusafisha", nimeshampigia dada nimemwambia abaki na nyekundu. Amekubali bila kubisha, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Mama Dagaa, hiyo losheni ya udongo ni shilingi ngapi, na unaipakaje huko kazini?

Mama Dagaa:
45,000, na kichupa chenyewe kinaingia kwenye kiganja. Napaka alfajiri mitumbwi ikianza kurudi, naongeza saa nne, naongeza saa saba, maana jasho linaiondoa. Naipaka kwa kioo cha pikipiki ya mpakiaji wangu. Wateja wanadhani ni dawa ya mganga. Nimewaacha waamini hivyohivyo, wameacha kunikopa.