Mnaosema "futa mstari wa assert" mnaua tableti za watu

Wakuu, imetosha sasa. Mtu anaandika kwamba kuweka LineageOS (Android iliyotengenezwa na jamii ya wadau) au Ubuntu Touch (mfumo wa Linux) kwenye tableti ya zamani ni "kazi ya dakika chache", anabandika linki, anatokomea. Anayebaki na kifaa kilichoganda kwenye logo atajijua mwenyewe.

Tuanze na Error 7, kosa linalotokea zip yenye mfumo mpya ikigoma kuingia. Jibu linalosambazwa kila kona ni lile lile: fungua META-INF/com/google/android, hariri updater-script, futa mstari wa assert, flashi (yaani weka) tena. Jamani! Mstari ule ndio mlinzi wa getini. Kabla hakijaandikwa chochote, unakagua jina la ndani la kifaa, na mara nyingine toleo la butiloda (programu inayouwasha mfumo). Nexus 7 peke yake ziko nne: za 2012 ni grouper (Wi-Fi) na tilapia (ya laini), za 2013 ni flo (Wi-Fi) na deb (LTE). Ile ya 2012 ina chipu ya Tegra 3 na RAM GB 1. Ya 2013 ni Snapdragon, RAM GB 2. Keneli (kiini cha mfumo) ya moja haiwezi kuwasha nyingine hata ukeshe unaomba. Kabla ya kupakua faili lolote, washa USB debugging, unganisha tableti na kompyuta, kisha andika kwenye kompyuta:

adb shell getprop ro.product.device

Jina lisipofanana na la faili, achana nalo. Likifanana na Error 7 bado ipo, mara nyingi rikaveri (mfumo mdogo unaotumika kuweka mfumo mpya) ndiyo imepitwa na wakati. Kama rikaveri yako ni TWRP, isasishe. Script iache kama ilivyo.

Halafu hili la kuficha kwamba fastboot oem unlock (amri ya kufungua butiloda) inafuta kila kitu, picha za mtu zikiwemo. Kwa nini linawekwa mwisho, au haliwekwi kabisa?

Baada ya fastboot flash recovery (amri ya kuweka rikaveri mpya), ingia rikaveri moja kwa moja kwa vitufe. Ukiiacha Android ya kiwandani iwake kwanza, inaweza kurudisha rikaveri yake, na mtu anaanza kulaumu waya. (Waya nao uwe wa data. Wa kuchaji tupu utakuacha kwenye "waiting for device" mpaka asubuhi.)

"Wipe" na "Format Data" si kitu kimoja. Wipe ya kawaida ya TWRP inaacha /data/media (mafaili yako, kama picha), na haiondoi usimbaji (encryption) wa mfumo uliotangulia. Kama data ilisimbwa, nenda Format Data, andika yes, ndipo uflashi. Wengi wanaolia kwamba mfumo mpya unazunguka kwenye logo wameruka hapa.

Na adb sideload (kutuma zip kutoka kompyuta kwa waya) ikisimama kwenye 47% usichomoe waya! Kwa LineageOS hiyo inaweza kuwa kawaida kabisa. Soma kioo cha tableti, ndicho kinachosema kama imemaliza.

Programu za Google ziwekwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kwa Nexus 7 hizi ni za arm na siyo arm64, toleo lile lile la Android. Open GApps (kifurushi cha programu hizo) ikitoa Error 70, patisheni ya system (sehemu ya hifadhi ya mfumo) imejaa. Chukua pico, kifurushi kidogo kabisa. Flo imebanwa sana hapa, ndiyo maana matoleo mapya yanadai kugawa upya patisheni, na kazi hiyo ikikatika katikati hali inakuwa mbaya. Hili nalo mnalipitia kwa mstari mmoja!

Kinachoudhi kuliko vyote ni hiki cha kutangaza "inafanya kazi" kwa sababu kioo kimewaka. Kamera je? GPS? Video inachezwa na chipu yake au CPU ndiyo inatwangwa mpaka mgongo unachemka? Dreva za chipu hizi zilifungwa na watengenezaji na ziliandikwa kwa keneli za enzi hizo, kama 3.4 ya flo, kwa hiyo vipande vinakufa kimoja kimoja. Viorodhesheni kwa majina. Na anayemshawishi mtu ahamie Ubuntu Touch amwambie kabla hajafuta Android yake kwamba ile siyo Android, apk zake (programu za Android) hazitafunguka moja kwa moja.