Mjadala: kwenye lokdauni nani atoke kwa nyumba, aliyepigwa ama anayepiga?

Wadau, tuongee hii bila matusi. Mpaka leo kuna watu wanasema korona ilikuwa dharura kwa hivyo mambo ya mume na mke yangengoja, eti korti zilipunguza kazi kwa sababu nzuri na wazee wa mtaa wangetosha. Mimi napinga, tena sana.

Kumbukeni 2020 ilivyokuwa hapa Kenya. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, halafu Aprili ukaambiwa hutoki wala huingii Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Sasa wewe umepigwa saa tatu usiku, uko na watoto, kwenu ni Kitui, unaenda wapi? Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, mwenyewe alisema makosa ya kingono yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa kwa zile wiki mbili za mwanzo, na hizo ni za waliofaulu kufika kuripoti.

Sheria tunayo. Ile ya 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani inaruhusu korti itoe amri ya muda hata kabla jamaa anayepiga hajasikizwa, na anaweza kuamriwa atoke hata kama nyumba ni yake. Tatizo ni kuifikia hiyo korti. Wakili hakuwa hata kwa orodha ya huduma muhimu mpaka Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani na Jaji Korir akaagiza waongezwe!

Mtu atasema kulikuwa na simu. Ndio, 1195, ile laini ya kuripoti dhuluma za kijinsia, ni ya bure na imesaidia wengi. Lakini nyumba ni chumba kimoja, kazi zimesimama, bwana yuko hapo kutwa na simu ameishika yeye, utaongea na wakili ukiwa wapi, chooni? Kesi za video nazo zinamfaa mwenye waifai, mama mboga bando atatoa wapi.

Wengine wanasema ukimtoa mwanaume usiku ataeneza ugonjwa. Haya, na mama akitoka na watoto watatu wao hawaenezi? Mbona hesabu hiyo inapigwa upande mmoja tu?

Wazee na Nyumba Kumi siwadharau, deni na mpaka wa shamba watasuluhisha vizuri. Lakini hivi vikao tunavijua, mama anaambiwa avumilie, jamaa anaambiwa anunue leso, wote wanarudishwa chumba kilekile na kafyu inaingia.

Mimi nasema msaada wa kisheria uwe huduma muhimu kama hospitali kuanzia siku ya kwanza. Awekwe hakimu wa zamu kila kaunti wa kusikiza ombi kwa simu, na hiyo simu ipigwe kutoka zahanati, maana kliniki ya mtoto ndio safari ambayo wengi wanaruhusiwa bila maswali mengi.

Penye nasita ni polisi. Kuna wanaotaka afisa apewe nguvu ya kumtoa mtu usiku huohuo bila kungoja hakimu, na nawaelewa, usiku mmoja unaweza kuua. Lakini ni polisi haohao waliopiga watu pale feri ya Likoni siku ya kwanza ya kafyu. Nyinyi mngewapa hiyo nguvu?