Siku ya 33 tangu nipandikizwe nywele, zinapukutika. Naomba ushauri

Mhasibu wa Mbagala

Habari za humu wakuu. Nina miaka 36, mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Nywele zilianza kurudi nyuma pande zote mbili za paji nikiwa na miaka 24, kama ilivyokuwa kwa baba na baba zangu wadogo. Kufika 33 utosi nao ulikuwa wazi. Nimeishi ndani ya kofia miaka mingi, hata picha za harusi yangu zote nina kofia. Najua wapo wanaoliona jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo.

Februari nilikwenda Istanbul kwa pesa za upatu nilizozikusanya miaka miwili. Walinitoa vipandikizi 2,900 kisogoni kwa ile njia ya FUE, ya kutoa mzizi mmoja mmoja, wakapanda kuanzia mbele hadi utosini. Kazi ilichukua saa saba. Daktari nilimwona kama dakika tano, alipochora mstari wa mbele. Kazi yote iliyobaki walifanya mafundi wawili ambao tulielewana kwa ishara za mikono.

Siku ya tatu uso uliumuka hadi macho yakawa membamba, siku ya sita ukapungua. Nililala nimeegemea mito wiki nzima. Magamba yaliisha kutoka siku ya 12 na kichwa kikaonekana kizuri, vinywele vimejipanga kama vitalu vya mchicha. Nilimpigia mama simu ya video bila kofia.

Kuanzia wiki ya nne vinaondoka. Nikiosha kichwa vinabaki mkononi, asubuhi viko kwenye mto. Leo ni siku ya 33 na nakadiria zaidi ya nusu vimeshaondoka, na hata nywele zangu za zamani pale katikati zimepungua. Kuna vipele vyenye vichwa vyeupe utosini, kama saba hivi, na ngozi ya juu bado imekufa ganzi. Kisogoni kuna vidoa vyeupe, na karibu na shingo kuna vivimbe vitatu vigumu. Mtoto wa shangazi yangu ana keloidi ya sikio, lile kovu gumu linalovimba, ndiyo maana usingizi umenikimbia.

Nikiwaandikia kule hospitali wananijibu "subiri" tu. Waliniambia nina dhamana ya maisha. Walinipa minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, na kuniambia nitumie kila siku vidonge vya finasteride, vya kuzuia upara. Hapa Dar za miligramu 1 nimezipata kwa bei kubwa, kwa hiyo nanunua za miligramu 5, zile wanazopewa wazee wenye tezi dume, nakata vipande vinne kwa kisu jikoni.

Naombeni mnijibu: je, pesa imepotea? Na kusujudu na kofia ya bodaboda vinaweza kuwa ndivyo vimeviharibu?

Mzee wa Kilombero

Mdogo wangu, vuta pumzi. Mimi nilipandikizwa miaka miwili iliyopita, na wiki ya tano nilikuwa hapo hapo ulipo, nimejifungia bafuni nalia. Umewahi kupandikiza mpunga? Mche ukiutoa kitaluni na kuuhamishia jaruba, siku za mwanzo unakuwa wa manjano kama unakufa, kumbe mzizi unashika udongo. Kinachoondoka kwako ni unywele, mzizi umebaki chini ya ngozi.

Kwangu ilikuwa hivi. Mwezi wa pili kichwa kilikuwa kibaya kuliko kabla sijaenda. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Mwishoni mwa mwezi wa nne, kwenye kioo cha gari, nikaona vinywele laini mbele, vyembamba kama vya mtoto mchanga. Mwezi wa nane watu wakaanza kuniuliza. Utosi ulichelewa hadi mwaka ukapita. Miezi hiyo ya katikati ndiyo migumu, maana pesa umeshalipa na kichwani hakuna cha kuonyesha.

Ushauri wangu mmoja: acha kuangalia kila siku. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule.

Habasoda

Mkuu, paka maji ya kitunguu yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo usiku, asubuhi osha. Mimi ndevu zilijaa kwa hiyo. Na hizo dawa za hospitali achana nazo kabisa.

Tabibu wa Ngozi

Nimefanya kazi kliniki za ngozi miaka 11, mafunzo nilipata Moshi, pale kituo cha kanda kilicho hospitali ya KCMC ambacho tangu 1992 kinafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Nitaanza na lisilosubiri, nalo halihusu kichwa chako.

Mke wako ni mjamzito na wewe unakata finasteride jikoni. Acha leo. Kidonge kizima kina ganda linalozuia dawa isimguse anayekishika. Ukikikata, unga unabaki kwenye kisu, ubao na vidole, na dawa hii hupenya kwenye ngozi. Mtoto akiwa wa kiume, inaweza kuvuruga uumbwaji wa viungo vyake vya uzazi. Mama mjamzito hatakiwi kabisa kugusa kidonge kilichovunjika. Kiasi kidogo sana hupita pia kwenye shahawa, hilo ulizungumze na daktari. Ukiendelea na dawa, nunua za miligramu 1 hata kama ni ghali, au usimame hadi mtoto azaliwe.

Na daktari akuambie mengine ambayo naona hukuambiwa. Finasteride hushusha homoni ya DHT, ile inayonyausha mizizi ya nywele kwa wenye upara wa kurithi. Miligramu 1 huishusha kwenye damu kwa karibu theluthi mbili. Marekani iliidhinisha kwa upara mwaka 1997 na inasaidia wengi. Lakini wapo wanaopungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na wapo wanaoingia huzuni nzito. Mwaka 2025 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni moja ya athari zake. Wewe umeshasema usingizi umekukimbia. Ukiona moyo unazama kwa namna usiyoizoea, acha dawa, mwambie mkeo, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kichwa. Kupukutika kati ya wiki ya pili na ya nane ni kawaida, na nywele za zamani zilizo jirani nazo hushtuka zikaanguka. Nyingi hurudi ndani ya miezi michache. Minoksidili nayo huangusha nywele wiki za mwanzo kabla ya kuotesha. Ganzi huchukua wiki hadi miezi. Kuhusu kusujudu na helmeti: kufika siku ya kumi hivi vipandikizi huwa vimeshashika, kwa hiyo sijda ya wiki ya tatu haijang'oa kitu. Tumia mswala laini, si mkeka wa ukindu unaokwaruza. Helmeti usiiache hata siku moja, ila vaa kitambaa safi cha pamba ndani yake, maana ile ya abiria imepita vichwa vingi.

Vipele saba ni vichache, mara nyingi ni vinywele vinavyotafuta njia ya kutoka. Usivikamue. Kanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu. Vikiongezeka, vikitoa usaha mwingi, ukapata homa, harufu, au eneo likawa jeusi na gumu kama ngozi iliyoungua, hiyo ni hospitali bila kusubiri. Kwenye ngozi zetu usitegemee kuona wekundu, uvimbe mkali huonekana kama weusi unaozidi au zambarau.

Vivimbe vya shingoni vinanipa wasiwasi zaidi kuliko nywele zinazoanguka. Huenda ni vile vipele vya kisogoni vya wanaume wengi weusi, ambavyo visipotibiwa huwa makovu magumu. Huenda ni mwanzo wa keloidi. Mtaalamu wa ngozi avishike kwa mkono wake. Keloidi ikiwahiwa ina sindano zake, ikikomaa ni kazi kubwa.

Ndugu Habasoda, nakuheshimu, lakini maji ya kitunguu juu ya ngozi yenye matundu 2,900 ni kumwongezea vidonda.

Mama Chumbageni

Mwanangu Mhasibu, nina swali: kabla ya kukupandikiza, kuna aliyekupima ngozi ya kichwa? Si kutazama picha ulizowatumia, namaanisha kukaa na kifaa akaangalia vinyweleo.

Nauliza kwa sababu mimi nywele zangu zimeniondoka kwa njia nyingine. Miaka ishirini dawa ya kulainisha kila wiki ya sita, rasta za kubana hadi macho yanavutika, wigi la gundi juu yake. Pembeni zikaisha kwanza. Nikadhani ni hizo kubana tu. Halafu katikati ya utosi ikaanza duara, ikiwasha na kuuma nikigusa, ikawa inapanuka polepole. Nikauziwa mafuta ya kila aina. Mtu mmoja mwenye saluni aliniambia nikapandikize, gharama atanitafutia.

Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo utosini wakakipima. Jibu: ni upara wa kovu. Mizizi ya katikati imekufa na ngozi imeziba, na ugonjwa ulikuwa bado unawaka. Akaniambia ukipanda nywele kwenye ngozi inayowaka, nazo zitaliwa. Kwanza uzimwe kwa dawa, ukae kimya mwaka au zaidi, ndipo tuzungumze. Sasa nina mwaka na miezi miwili bila maumivu. Za pembeni baadhi zimerudi nilipoacha kubana, utosini hazijarudi. Kina dada mnaosoma hapa, kuwasha na kuuma utosini si "nywele zinakua". Kapimwe mapema, kilichokufa hakirudi.

Mhasibu wa Mbagala

Mama, shikamoo. Hapana, hakuna aliyenipima. Nilituma picha tano wakanijibu idadi na bei siku hiyohiyo.

Tabibu, nimesoma maneno yako nikiwa kazini nikatoka nje. Mke wangu ndiye anayekata mboga kwenye ubao ule. Ana miezi mitano. Sikuambiwa na yeyote, si kule wala duka la dawa. Nauliza tena, dhamana ya maisha ina maana gani basi?

Tabibu wa Ngozi

Mpeleke kliniki yake ya wajawazito na umweleze mhudumu kila kitu, siku ulizokata na kiasi. Usimfiche mkeo. Pengine hakugusa cha kutosha, lakini wanaopaswa kusema hivyo ni wanaomhudumia.

Dhamana: nywele za kisogoni hazisikii sana DHT, na zikihamishiwa mbele zinabaki na tabia yao. Daktari wa ngozi Norman Orentreich aliliandika hilo New York mwaka 1959 na upandikizaji wote unasimama juu yake. Hiyo ndiyo sehemu ya kweli. Wasichosema ni kwamba nywele zako za zamani, zilizo katikati ya zilizopandwa, zinaendelea kuondoka kama baba yako alivyoondokewa. Bila matibabu, baada ya miaka unaweza kubaki na mstari wa mbele na uwazi nyuma yake. Kisogo ni ghala lisilojazwa tena, umeshatoa 2,900. Yeyote atakayekushauri upandikize tena kabla ya mwaka au mwaka na nusu, muogope.

Halafu usijilinganishe na picha za Waturuki wa mwezi wa sita. Nywele zetu hukua polepole zaidi. Mzizi wetu pia umepinda chini ya ngozi, asiyezoea huukata wakati wa kuutoa. Faida yetu ni kwamba unywele uliojikunja unafunika eneo kubwa kwa idadi ndogo.

Minoksidili ukiacha, ulichokipata kwa dawa hiyo kitaondoka ndani ya miezi. Na kama una paka nyumbani asilambe mikono yako wala mto wako, kwake ni sumu.

Kinyozi Kariakoo

Kaka, miaka 14 niko kwenye kiti. Wateja wangu wanne wamepandikizwa. Kisogo unaweza kupunguza kwa mkasi baada ya mwezi. Juu usiguswe na mashine hadi mwezi wa tatu au wa nne, na wembe usikaribie kabisa kabla daktari wako hajasema. Hiyo shingo yenye vivimbe usinyolewe hadi chini kabisa, sisi vinyozi ndio tunaoviamsha vile vipele kwa kukwangua. Nenda na mashine yako mwenyewe, na mkatalie anayetaka kukusugulia spiriti.

Mhasibu wa Mbagala

Wakuu, leo ni siku ya 41. Mke wangu nilimweleza usiku uleule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini nilienda Istanbul kutafuta kitu ambacho yeye hajawahi kukidai. Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia ukweli, kwamba nilichoka kujificha. Tulikwenda kliniki pamoja. Wameandika kwenye kadi yake na wamempangia kipimo cha picha.

Daktari wa ngozi amevishika vile vivimbe: ni vipele vya kisogoni, si keloidi, ameviwahi. Amenipa dawa ya kupaka, na kivimbe kimoja amekichoma sindano. Finasteride nimesimamisha hadi mtoto azaliwe, minoksidili naendelea. Vipele vya utosini vimebaki viwili.

Vipande vya vidonge nimevirudisha duka la dawa wakaviteketeze. Ubao nimeutupa na kisu pia. Picha ya kwanza nimepiga jana dirishani saa mbili asubuhi, kichwa kitupu. Mzee wa Kilombero, ya pili nitaileta mwisho wa mwezi wa nne.