Waifai inaganda maikrowevu ikiwashwa, na usiku inazorota yenyewe. Naombeni ushauri

Kipupwe
Wakuu, habari za muda huu. Waifai ya nyumbani inanitesa. Mtu akiwasha maikrowevu jikoni, simu zote sebuleni zinaganda. Ikizima, mambo yanarudi kama hakuna kilichotokea. Hilo linaudhi lakini linapita.

Linaloniumiza ni la usiku. Kuanzia mida ya saa tatu laptopu yangu ya kazi inakuwa nzito balaa: ukurasa unafunguka nusu, kwenye mkutano wa video sauti inakatika, hadi kipanya kisicho na waya kinarukaruka kwenye skrini. Maikrowevu hapo haijawashwa, na nimewahi kuichomoa kabisa ukutani, wapi! Mafundi wa kampuni ya intaneti walikuja, wakapima laini, wakasema iko safi, wakaondoka. Ruta iko nyuma ya runinga. Runinga yenyewe inapata intaneti kwa kebo kutoka kwenye ruta na haijawahi kusumbua. Ninunue ruta mpya au nifanyeje?

Fundi Redio
Mkuu, hela yako iache mfukoni kwanza. Kama runinga ya kebo inacheza vizuri wakati waifai imelala, basi intaneti inafika kwenye ruta bila shida. Ugonjwa uko hewani, kati ya ruta na vifaa vyako, na hao mafundi hawakukudanganya.

Leo tatizo likianza, fungua dirisha la amri kwenye laptopu upige pingi kwenye ruta yenyewe, yaani uitumie ujumbe mdogo uone inajibu baada ya muda gani. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko cha chini. Iache iendelee. Ruta iliyo ndani ya nyumba inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache. Ukiona majibu yanachelewa mia mbili, mia tatu, au hayarudi kabisa, hata usihangaike kumpigia mtoa huduma.

Maikrowevu ni mshukiwa wa siku zote. Inafanya kazi kwenye masafa ya karibu gigahezi 2.45, na waifai ya bendi (eneo la masafa) ya gigahezi 2.4 iko kati ya megahezi 2400 na 2483.5. Yaani wako chumba kimoja. Ruta inatoa kama sehemu ya kumi ya wati, maikrowevu ndani yake kuna wati 700 hadi 1000. Sanduku la chuma na wavu wa mlangoni vinazuia karibu zote, ila hicho kidogo kinachopenya kinatosha: ni sawa na kunong'onezana kando ya mashine ya kusaga. Hamishia simu kwenye bendi ya gigahezi 5, huko maikrowevu haifiki.

Njiti
Kinachopenya?? Kwa hiyo tunaungua taratibu jamani?

Fundi Redio
Hapana ndugu. Kwa mfano Marekani sheria inaruhusu milliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mlango, na ukirudi nyuma hatua chache inashuka sana. Ruta inasikiliza mawimbi madogo mno, ndiyo maana yenyewe inasumbuka na wewe husumbuki. Ila mlango ukipinda au usipofunga vizuri, acha kuitumia hadi ipatiwe fundi.

Chaneli Sita
Kiongozi, badili chaneli tu, yaani ile njia ndani ya bendi ambayo ruta inatumia. Majirani wote wamejazana kwenye moja. Chagua 1, 6 au 11, basi. Wale wanaoweka 3 wakidhani wamepata nafasi wazi wanaingiliana na pande zote mbili, maana chaneli zinapishana kwa megahezi 5 wakati waifai inahitaji upana wa 20.

Mama Pacha
Mbona hakuna aliyemuuliza kuhusu kipanya?

Kipanya hakina habari na ruta. Kinaongea na kile kidude chake kilichochomekwa kwenye laptopu, basi. Kama kinarukaruka saa ile ile waifai inapozorota, mchawi yuko pale pale mezani. Kipupwe, usiku huo unachomeka nini kwenye hiyo laptopu? Kuna diski ya nje?

Nauliza kwa sababu USB 3, ile ya kasi, ikisafirisha data inamwaga kelele, yaani mawimbi ya vurugu, kwenye bendi ya 2.4. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Kelele hiyo imetapakaa bendi nzima, kwa hiyo ushauri wa kubadili chaneli hapa hautasaidia, samahani Chaneli Sita. Na inatoka kwenye kebo na kwenye tundu, sentimita chache kutoka kwenye antena ya laptopu.

Chaneli Sita
Sijakasirika dada. Ila diski kuua waifai ndiyo nasikia leo.

Kipupwe
Dah. Diski ipo, haitoki hapo. Bakapu ya kazini, yaani kunakili mafaili kwenye diski, nimeipanga ianze saa tatu usiku.

Nimefanya kama mlivyosema. Pingi kwenye ruta bakapu ikiendelea: 4, 6, 380, hakuna jibu, 512, 9, hakuna jibu. Nikaisimamisha bakapu, nikaitoa diski kwa utaratibu, nikachomoa kebo. 3, 4, 3, 3, 5. Nimechomeka tena na kuanzisha bakapu, vurugu hiyo hapo. Kipanya nacho kimetulia diski ikiwa nje. Sasa siwezi kuishi bila bakapu, nafanyaje?

Mama Pacha
Huna haja ya kuiacha. Laptopu ihamie gigahezi 5, hiyo ndiyo dawa yenyewe. Diski isogeze mbali kwa kebo nzuri yenye ngao ndani, hizi nyembamba za bure ndizo zinazovuja zaidi. Kidude cha kipanya kiweke upande wa pili wa laptopu, au kitoe nje kwa kiunganishi kirefu cha USB. Ukikwama kabisa, chomeka diski kwenye tundu la USB 2: bakapu itachukua muda mrefu lakini kelele hiyo hutaiona.

Njiti
Hii imenikumbusha kile kijiji cha Aberhosan kule Wales, habari yake ilitoka 2020. Intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakatika kila asubuhi saa moja, miezi 18! Wahandisi wakabadilisha hadi nyaya. Mwisho wakazunguka na kipimo cha mawimbi wakakuta ni runinga kuukuu ya mtu mmoja, akiiwasha tu, kijiji kwisha.

Fundi Redio
Ndiyo, ila ile iliingilia laini za shaba zenyewe zinazoleta intaneti majumbani. Ingekuwa hivyo kwa Kipupwe, hata runinga yake ya kebo ingekufa. Na wewe Kipupwe, hiyo ruta itoe nyuma ya runinga. Kioo kikubwa chenye bati nyuma ni ukuta mbele ya antena, na gigahezi 5 inapungua haraka kupita kuta kuliko 2.4. Iweke juu, mahali pa wazi, ndipo uhamishe vifaa. Usipofanya hivyo utarudi hapa kusema 5 haifiki chumbani.

Kipupwe
Ruta sasa iko juu ya kabati. Simu na laptopu ziko kwenye 5, chumbani inafika ingawa mstari mmoja wa mawimbi umepungua. Bakapu inakimbia sasa hivi na naandika hapa bila shida. Printa tu ndiyo imebaki kwenye 2.4, haiijui bendi nyingine, na maikrowevu ikiwashwa bado inaganda. Hiyo itasubiri chakula kipate moto.