Ushauri: grafu yetu ya supanova haionyeshi nishati giza

MwlRungwe: Wakuu, habari za jioni. Klabu ya fizikia ya kidato cha sita hapa Tukuyu inataka kuona nishati giza, ile inayoongeza kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kwa data halisi. Tumechukua supanova za aina ya Ia (milipuko ya nyota yenye ung'avu unaokaribiana, hivyo hupima umbali) kwenye jedwali la Union2.1, tukachora umbali dhidi ya mhamo mwekundu (z, kiasi mwanga ulivyonyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu) hadi 0.1. Umetoka mstari ulionyooka tu. Kule kuongeza kasi kuko wapi? Pia kuna mzazi anataka kutununulia darubini ya inchi 6. Itatufaa?

KituloAnga: Mwalimu, mmeishia karibu mno. Kwenye z 0.05, ulimwengu wa maada peke yake na ule wenye 70% ya nishati giza hupishana magnitudi 0.05 tu (magnitudi ni kipimo cha mwangaza, namba kubwa ni hafifu zaidi), na supanova zenyewe hutawanyika kama 0.15. Kwenye z 0.5 tofauti inafika 0.4. Tumieni zote 580.

Chora moduli ya umbali (umbali ulioandikwa kwa magnitudi), ipo safu ya tatu ya jedwali. Kisha andaa karatasi nyingine ya Excel: safu A iwe z, kuanzia 0 kwenye A2 kwa hatua za 0.01. Maada peke yake, weka safu E, anzia mstari wa 3:

=5*LOG10(8566*(1+A3)*(1-1/SQRT(1+A3)))+25

Yenye nishati giza inahitaji kujumlisha kidogo kidogo (kisha nakili fomula zote kushuka chini):

B2: =1/SQRT(0.3*(1+A2)^3+0.7)
C2: 0
C3: =C2+0.01*(B2+B3)/2
D3: =5*LOG10(4283*(1+A3)*C3)+25

4283 ni kasi ya mwanga kugawanya kwa H0 (kasi ya kutanuka kwa ulimwengu leo) ya 70, kwa megaparseki (moja ni miaka ya mwanga milioni 3.26 hivi). Kabla ya kuchora, hakikisha z 0.5 inatoa 41.86 na 42.26.

Iringa_Kosmo: Wengi husahau ile (1+z) ya mbele. Ukiiacha, kwenye z 0.5 unakosea 0.88, zaidi ya maradufu ya kile unachokitafuta! Na mstari mzima ukipanda au kushuka, hiyo ni H0 tu. Angalieni umbo lake.

MwlRungwe: Asanteni sana. Mwanafunzi anauliza: kama supanova za mbali ni hafifu kuliko maada peke yake inavyotabiri, kwa nini isiwe vumbi linalofifisha mwanga?

Iringa_Kosmo: Swali zuri sana hilo, mpongeze. Vumbi la kawaida hunyonya bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo rangi ya supanova inalifichua. Vumbi lisilobagua rangi lingezidi kufifisha kadiri z inavyokua, lakini supanova zilizo juu ya z 1 zinang'aa kuliko vumbi hilo linavyotabiri. Mwanga wao uliondoka wakati mvuto wa maada bado unapunguza kasi ya kutanuka. Nishati giza ilishika usukani kwenye z 0.67 hivi, yapata miaka bilioni 6 iliyopita.

KituloAnga: Kuhusu darubini: supanova ya z 0.5 ina magnitudi 23 hivi, na jicho kwenye inchi 6 huishia 13. Hafifu mara 10,000. Pokeeni, ila iwe ya Mwezi na Jupita, kiangazi, mvua za Rungwe zikishaisha.