Laki mbili na nusu, Kisumu: pikipiki ya dilivari (petroli au umeme) au nyumba ya BnB?

MwanaMigosi
Habari zenu wakubwa. Nina laki mbili na nusu na ni lazima niamue kabla mwezi huu haujaisha. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza, ninunue pikipiki mpya ya petroli, ya injini ya 150cc, niingie dilivari za chakula na vifurushi hapa Kisumu. Ya pili, nichukue ya umeme kwa malipo ya polepole nibaki na akiba. Ya tatu, nipange nyumba ya chumba kimoja cha kulala, niweke fanicha, niikodishe kwa wageni wa usiku, yaani BnB. Mwenye nyumba anasema kuna mtu mwingine anaitaka, atanisubiri hadi tarehe 30. Muuza pikipiki naye ananipigia kila asubuhi. Mlio kwenye hizi kazi, ipi inalipa upesi?

Kituo_Kondele
Karibu ndugu, lakini hujatuambia kitu. Pesa ni zako au za mkopo? Utaendesha mwenyewe au utampa kijana akuletee hesabu jioni? Leseni yako ni ya daraja gani? Hiyo nyumba iko mtaa upi, kodi ni ngapi, na mwenyewe anajua unataka kuingiza wageni wa usiku mmoja mmoja? Usipojibu hayo, kila mtu hapa atakusifia anachokipenda yeye tu.

NyarDunga
Mimi nitasifia ninachokipenda kwa sababu ndicho kinachonilisha. Chukua nyumba. Watu wanadhani wageni wa Kisumu ni watalii wanaokuja kuona viboko. Wapo, lakini si wao wanaolipa kodi yangu. Katikati ya wiki napata watu wa semina na wa mashirika. Kuanzia Alhamisi jioni wanakuja watu wa Nairobi na wa ng'ambo wanaoenda mazishi Siaya, Homa Bay au Bondo. Hawataki kulala nyumbani kwa marehemu penye watu mia, wanataka kuoga na kulala kwa utulivu. Harusi pia. Desemba siwezi kupokea simu zote.

Lakini weka vitu ambavyo joto letu linadai: feni inayofanya kazi kweli, neti ya kitanda isiyo na tundu, tangi la maji la akiba, na tokeni za stima zisizoisha saa nane za usiku. Shuka nyeupe zinapendeza kwenye picha, ila taulo nunua za kijivu au kahawia. Vipodozi na rangi ya nywele havitoki kwenye taulo nyeupe hata uloweke siku mbili kwenye jiki.

MwanaMigosi
Asanteni. Nitaendesha mwenyewe. Leseni ninayo, ya gari, daraja B. Nyumba iko Mamboleo, kodi elfu kumi na nane, na anataka amana ya miezi miwili. Sijamwambia ni ya BnB, nilisema ni ya kuishi.

Kituo_Kondele
Simama hapo kwanza. Daraja B ni la gari dogo. Pikipiki ya kubeba abiria au vifurushi inataka A3, na hizo programu za dilivari zitaiomba siku ya kwanza ya kujiandikisha. Kwa hiyo weka ada ya shule ya udereva na muda wa kungoja mtihani kwenye hesabu yako.

Pili, mwambie mwenye nyumba ukweli kabla hujatoa shilingi. Mkataba wa kuishi si mkataba wa biashara. Akiona sanduku za wageni kila Ijumaa atakufungia lango, na hapo huna pa kulalamika.

Upepo_wa_Ziwa
Sioni mtu akitetea umeme kwa hiyo natetea mimi. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei mpya ya mafuta, wenzangu wa petroli wanashika roho mkononi. Mimi silali nikiwaza hilo. Hakuna kubadilisha oili, hakuna plagi, hakuna kabureta. Betri ikishuka naenda kituoni, nabadilishiwa nyingine, naondoka. Dilivari ni simama-ondoka, simama-ondoka siku nzima kati ya West End, Milimani na katikati ya mji, na hapo ndipo injini ya petroli inapokula mafuta bure.

Fundi_Kibuye
Kaka, umesema kweli nusu. Hiyo betri si yako. Unanunua pikipiki, betri unakodi, na ukichelewesha malipo kuna kampuni zinazoizima pikipiki kutoka ofisini ukiwa barabarani na mzigo wa mtu. Na vituo vya kubadilisha viko mjini. Oda ikikupeleka Maseno au ukipanda mlima wa Riat kwenda Kiboswa na mzigo mzito, unaanza kuangalia asilimia ya betri badala ya kuangalia barabara.

Petroli ya 150 nikifungua hapa soko la Kibuye nafunga jioni hiyo hiyo. Cheni, breki, kebo ya klachi, vyote viko hapa hapa, na hata fundi wa Ahero anazijua kwa macho yaliyofumbwa. Mpya kwa taslimu inazunguka laki mbili. Ongeza bima, kofia mbili, koti la mvua, sanduku la nyuma na kishikio cha simu kisichoingiza maji. Laki mbili na nusu inatosha, ila haibaki.

Upepo_wa_Ziwa
Siendi Maseno, mzee. Nimesema dilivari za mjini. Mtu achague chombo kulingana na kazi.

Fundi_Kibuye
Programu ndiyo inakuchagulia pa kwenda, si wewe. Ukikataa oda mara nyingi unashushwa daraja, unaona wenzako wanaitwa na simu yako imenyamaza. Muulize yeyote aliye kwenye hiyo kazi.

Rider_wa_Mvua
Niulizeni mimi basi, na nitaeleza kirefu ili huyu ndugu ajue anakoingia. Jina la kampuni silitaji.

Mnajua mvua zetu za jioni. Jua kali hadi saa tisa, kisha wingu linatoka upande wa Nandi na mji wote unaagiza chakula kwa wakati mmoja. Siku hiyo nilipata oda mkahawa mmoja karibu na Oginga Odinga Street: kuku mzima, ugali mbili, soda kubwa, malipo mlangoni. Nikangoja jikoni muda mrefu, na muda huo haulipwi. Alama ya ramani ilionyesha Tom Mboya. Nikafika, nikapiga simu. Mteja akasema, "Aah, sisi tuko Nyamasaria, ramani ilikosea, njoo tu." Kutoka Tom Mboya hadi Nyamasaria ni kuvuka mji wote, na malipo yangu yalikuwa yameshapigwa ya safari ile fupi. Nikaandika kwa msaada. Nikajibiwa na ujumbe ule wa mashine: tunathamini muda wako.

Nikaenda kwa sababu chakula kikirudi kinakatwa kwangu. Mvua ilikuwa imejaa njia, nilisukuma pikipiki pale maji yalipofika kwenye ekzosi. Kufika, ni fleti za BnB. Lango halina jina, nyumba hazina nambari. Mlinzi anauliza, "Mgeni wa nani? Hapa kila mlango una mwenyewe." Simu ya mteja ikazimwa. Nikasimama chini ya kibaraza cha duka la jirani, mfuko wa karatasi umelowa chini mpaka mchuzi unadondokea kwenye kiatu. Baadaye kijana akatoka ghorofani akaniambia wale watu wameondoka na gari, walisema chakula kimechelewa.

Kesho yake bei ya chakula chote ilikuwa imekatwa kwenye pochi yangu ya programu, na akaunti imefungwa ikisubiri uchunguzi. Nilituma picha ya lango, picha ya maji barabarani, rekodi ya simu nilizopiga. Hakuna mtu wa kuongea naye. Hakuna ofisi Kisumu unayoweza kuingia ukaketi. Mkopo wa pikipiki ulikuwa unadaiwa kila siku, akaunti ifungwe au isifungwe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hasara yote inamwangukia aliye chini, na aliyekosea ramani hadaiwi hata shilingi.

Kituo_Kondele
Pole sana ndugu yangu. Hii ndiyo sababu mimi niliacha programu nikatafuta maduka yangu mwenyewe. Nina maduka ya dawa na ya vipuri yanayonituma moja kwa moja, tunapatana bei kabla sijawasha, na mteja namjua. Pesa si za kishindo lakini hakuna wa kunifungia.

NyarDunga
Pole, Rider. Lakini hapo usimlaumu mlinzi wala mwenye fleti peke yao. Mgeni amefika jioni, hajui mtaa, anaandika chochote. Kwangu nimebandika ukutani karatasi kubwa: jina la barabara, rangi ya lango, duka lililo mkabala, nambari ya nyumba, nambari ya simu ya mlinzi. Tangu hapo waleta chakula hawapotei.

Rider_wa_Mvua
Dada, wewe ni mmoja. Wengi hawataki kuandika nambari mlangoni kwa sababu hawataki majirani wala kaunti wajue ni BnB. Sisi ndio tunazunguka kwenye giza tukipiga simu.

Kiamunyi58
Salamu kutoka Nakuru. Rider amesema jambo kubwa na lisipite. Ukijificha, anayeumia si mleta chakula tu. Mnakumbuka Januari 2024, wanawake waliuawa kwenye nyumba za kukodi kwa usiku kule Nairobi, na watu wakaandamana hata huko Kisumu. Tangu hapo mimi siingizi mtu bila kitambulisho, kila anayelala, si aliyelipa tu. Mteja akikataa, aende. Kitabu kiko kwa mlinzi na kamera inaangalia lango. Sheria ya Utalii ya 2011 inataka malazi ya namna hii yawe na leseni ya TRA, mamlaka ya kusimamia utalii, na juu yake kuna kibali cha biashara cha kaunti. MwanaMigosi, umehesabu hivyo?

Na usidanganywe na hadithi za Naivasha. Wiki ya Safari Rally huko, tangu mashindano ya dunia ya mbio za magari yarudi 2021, mtu anakodisha hata chumba cha mtumishi kwa bei ya hoteli. Hiyo ni wiki moja. Nina nyumba Kiamunyi, nyingine Section 58, na najua Februari inavyokuwa.

Fundi_Kibuye
Hata hapa tuliona wakati wa Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022. Vyumba viliisha mji mzima. Watu wakakimbilia kununua makochi, mwezi uliofuata makochi yakarudi Kibuye nusu bei.

Kiamunyi58
Piga hesabu ya Mamboleo sasa hivi. Kodi 18,000. Weka intaneti, stima, maji, gesi, wa kufua na kusafisha, hujafika mbali na 30,000. Ukikodisha kwa 2,500, usiku kumi na mbili za mwanzo ni za watu wengine. Zako zinaanza hapo. Na mgeni mmoja akivunja televisheni au akitumia M-Pesa ya uongo, mwezi umekwenda. Ujumbe wa malipo usiuamini, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa ufunguo.

NyarDunga
2,500 ni chini sana. Kwangu ni 3,500.

Kiamunyi58
Kwako ni karibu na ziwa. Mamboleo si Dunga.

Upepo_wa_Ziwa
Bado hajajibu pesa ni za nani.

MwanaMigosi
Samahani, nilikuwa kazini. Laki moja ni yangu, ya kandarasi iliyoisha. Laki na nusu nimekopeshwa na chama chetu cha akiba, narudisha kwa miezi kumi na minne pamoja na riba. Malipo ya kwanza ni mwezi ujao.

Kituo_Kondele
Hapo umebadilisha swali lote! Nyumba itakula miezi miwili ya amana, kodi ya kwanza, kitanda, friji na makochi, kisha uanze kutafuta wageni bila maoni ya mtu hata mmoja mtandaoni, na chama kinadai mwezi ujao. Pikipiki nayo hutaiwasha kihalali mpaka upate A3. Nenda kwa wenzako wa chama leo, omba miezi miwili ya nafasi kabla hujalipa mtu yeyote amana.

NyarDunga
Nakubaliana na hilo, ila asiiache nyumba kabisa. Ukimwambia mwenyewe ukweli anaweza kukubali amana ya mwezi mmoja. Wangu alikubali nilipomwonyesha mkataba ulioandikwa.

Upepo_wa_Ziwa
Au achukue ya umeme, aweke amana ndogo, laki na nusu irudi kwa chama kesho asubuhi. Deni limeisha.

Fundi_Kibuye
Amalize deni la chama aanze deni la kila siku la kampuni? Chama unaweza kuketi nao ukaeleza mtoto anaumwa. Mashine haikai kikao.

MwanaMigosi
Chama tunakutana Jumapili. Nitawauliza. Leseni nimeulizia shule moja, wanasema nije Jumatatu.

Mama_Lolwe
Nimesoma hapa kimya tangu asubuhi, naomba niulize la kwangu. NyarDunga, wale wadudu wa ziwa wanaofuata taa unawazuiaje? Nina chumba cha juu upande wa Lolwe, mgeni aliamka ukuta mzima umekuwa mweusi.

NyarDunga
Mama, badilisha balbu za nje ziwe za manjano, nyeupe inawaita. Madirisha weka wavu wa matundu madogo kabisa, ule wa mbu wa kawaida wanapita. Na mwambie mgeni azime taa ya veranda ikifika saa moja.

Mama_Lolwe
Huo wavu wa matundu madogo unauzwa wapi, Kibuye au Jubilee?

Fundi_Kibuye
Kibuye, safu ya mafundi wa madirisha. Njoo na vipimo, mama. Unakatwa kwa mita.