Mrejesho: yale manukato yasiyo na sukari nyingi

Wakuu, nimerudi. Niliomba manukato ya kazini yasiyonukia kama keki, mkanitajia mengi. Nimeangukia Terre d'Hermès, kazi ya mtunzi wa manukato Jean-Claude Ellena ya mwaka 2006.

Aliyeniambia nipulize mkononi niondoke dukani, asante sana. Kwenye kikaratasi cha kujaribia yote yalinukia vizuri tu. Ngozini ndipo nilipoelewa habari ya ngazi tatu, yaani harufu hubadilika mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzo ni chungwa na balungi, kali, ya kuchangamsha, lakini molekuli za machungwa ni nyepesi na zinapaa upesi. Katikati ikaja pilipili manga na kitu kama jiwe lililochomwa na jua (wauzaji wanaita gumegume, sawa). Jioni ikabaki mizizi ya vetiva (aina ya nyasi yenye harufu) na mbao ya mwerezi. Hiyo ya jioni ndiyo niliyoilipia, ile ya mwanzo ni ya kumvutia mnunuzi.

Chanel No. 5 niliijaribu pia kwa sababu ya mdau aliyesema ndani yake mna mlangilangi, ua la harusi za kwetu pwani. Ni kweli limo, tangu 1921, ila mimi nilisikia zaidi sabuni ya bei mbaya. Dada yangu kaipenda, tumeachana hapo.

Udi wa mafuta bado sijaujaribu, harufu yake ni nzito. Kwa joto la Dar, ndani ya daladala, nawaonea huruma abiria. Ile Terre d'Hermès nimechukua chupa ya mililita 50, naiweka kabatini mbali na jua, mipulizo miwili asubuhi inatosha.